Mkono wa Mwisho

Baiskeli mpya ya milimani hufika dukani ndani ya boksi, na wengi hudhani kazi yake imekwisha huko ilikotoka. Fremu imepakwa rangi, gurudumu la nyuma limefungwa, nyaya zimepitishwa mahali pake. Kilichobaki, mtu angesema, ni kukaza usukani, kufunga pedeli na gurudumu la mbele, kulipa na kuondoka. Nimeshinda kwenye karakana za mafundi baiskeli kiasi cha kuamini kinyume chake. Kiwanda huleta vipuri vilivyokaa pamoja. Anayevipatanisha ni fundi. Na siku utakapoteremka mlima wenye mawe, utayategemea mapatano hayo kuliko jina lililoandikwa kwenye fremu.

Ndiyo maana napenda watu wanunue baiskeli kwenye duka la mtaani lenye karakana nyuma yake. Nasema hivyo kwa ajili ya kazi inayofanyika humo, kazi ambayo wateja wengi hawaioni kwa kuwa hufanyika wao wakiwa wamekwenda kunywa chai.

Kuna duka moja Arusha, upande wa barabara inayokwenda Ngaramtoni, ambalo nimelizoea. Mbele zimetundikwa baiskeli, chache mpya, nyingi za mtumba kutoka Japani na Ulaya. Nyuma kuna meza ya mbao yenye jiliwa, makopo ya gololi yaliyopangwa kwa ukubwa, ndoo ya mafuta ya taa ya kuoshea minyororo, na stendi ya kunyooshea ringi iliyochomelewa papo hapo mtaani. Mwenye duka ni mtu wa makamo, mpole wa maneno. Alasiri moja aliingia mwalimu kijana wa sekondari.

"Shikamoo fundi. Nataka baiskeli ya milimani, iliyo nzuri kabisa."

"Marahaba mwanangu. Utapita nayo wapi?"

Swali hilo lilitangulia. Bei ilikuja baadaye sana. Mwalimu alikuwa ameshaikazia macho baiskeli moja inayong'aa, yenye shokapu mbele na nyuma. Fundi akamwacha aeleze. Anakaa juu, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Asubuhi anashuka kwenda kazini, jioni anapanda kurudi. Kiangazi njia ni vumbi jepesi la udongo wa volkano, masika ni tope linaloteleza, na mgongoni hubeba begi la madaftari. Fundi akamweleza polepole kwamba shokapu ya nyuma ya bei ya chini ina viungo vinavyolegea upesi, inaongeza uzito, na kila akipanda mlima itameza sehemu ya nguvu za miguu yake.

"Hiyo hela ya shokapu ya nyuma tuiweke kwenye breki na magurudumu," akasema, kisha akateremsha fremu ya chuma ya mtumba, imechubuka rangi, yenye shokapu mbele tu. Alimsimamisha mwalimu juu yake, miguu pande zote mbili, akaangalia nafasi iliyobaki kati ya bomba la juu na mapaja. Akamwambia anyooshe mikono kuelekea usukani. Fremu kubwa mno humlaza mtu mbele hadi mgongo ukauma, ndogo mno humkunja magoti, na hakuna kipuri cha ghali kitakachoponya kosa hilo. Ile ilimkaa sawasawa. Wakakubaliana kwamba aje kuichukua baada ya siku tatu.

Wauzaji wengi wangefuta vumbi, wakajaza upepo na kumkabidhi siku ileile. Fundi huyu aliifungua yote, nati kwa nati, hadi fremu ikabaki tupu juu ya meza.

Ukimtazama mtu akifanya hivyo, unakumbuka kwamba baiskeli ya milimani ilizaliwa kwenye meza za namna hii. Katika miaka ya 1970, vijana wa Marin huko California, kaskazini mwa San Francisco, walikusanya baiskeli nzito za zamani, nyingi zikiwa Schwinn za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, wakawa wanazishusha kwa kasi kwenye njia za vumbi za Mlima Tamalpais. Mwaka 1976 walianza mashindano waliyoyaita Repack. Breki ya baiskeli zile ilikuwa ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, ya nyuma, ya kukanyaga pedeli kinyumenyume, na kwenye mteremko mkali ilipata moto hadi grisi ikageuka moshi. Baada ya kushuka ilibidi habu ifunguliwe na kupakiwa grisi mpya, na ndiko jina Repack lilikotoka. Vijana hao walijifunza baiskeli kwa kuzivunja na kuzitengeneza. Joe Breeze akaunda fremu yake ya kwanza ya kazi hiyo mwaka 1977. Gary Fisher na Charlie Kelly wakafungua biashara yao mwaka 1979, wakijenga baiskeli juu ya fremu za Tom Ritchey. Ndipo mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikatoa Stumpjumper, baiskeli ya milimani ya kwanza kutengenezwa kwa wingi, na mwaka 1996 mchezo huo ukaingia kwenye Olimpiki ya Atlanta. Kabla viwanda havijaichukua, baiskeli hii iliishi miaka kadhaa mikononi mwa watu waliokuwa na grisi kwenye kucha.

Turudi kwenye fremu. Fundi aliiosha kwa mafuta ya taa, akaikausha, kisha akapitisha ukucha wa dole gumba kwenye kila kiungo kilichochomelewa. Alikaa zaidi pale bomba la chini linapokutana na bomba la usukani, kwa kuwa baiskeli iliyogonga kitu uso kwa uso huacha ushahidi hapo: rangi iliyokunjamana, au uvimbe mdogo ambao jicho huupita na kidole kikaunasa. Chuma cha kromoli kikipinda kidogo, hunyooshwa. Kikipata ufa, mchomeleaji hodari anaweza kukitibu. Fremu ya alumini iliyopata ufa yeye huiweka pembeni, maana alumini ikishachomelewa hupoteza nguvu iliyopewa kiwandani kwa moto wa kupimwa, na mtaani hakuna tanuri la kuirudishia.

Kisha akachukua uzi wa kushonea viatu. Akaufunga pale ekseli ya nyuma inapokaa, upande wa kulia, akaupeleka mbele ukazunguka bomba la usukani, akaurudisha hadi upande wa kushoto na kuukaza. Sasa uzi ulipita pande zote mbili za bomba la kiti. Akapima kwa rula nafasi iliyopo kati ya uzi na bomba, kulia, halafu kushoto. Vipimo vikilingana, fremu imenyooka. Vikipishana, gurudumu la nyuma halitafuata njia ya la mbele, na mwendeshaji atahangaika na usukani bila kujua anashindana na nini. Vilipishana kwa upana wa mstari wa kalamu tu. Fundi akauviringisha uzi na kuurudisha mfukoni. Kipimo hicho hakigharimu kitu, na kimeziokoa pesa za watu wengi.

Lilibaki sikio la fremu, kile kipande kidogo nyuma kinachobeba kibadilishi cha gea. Baiskeli ikianguka upande wa kulia, sikio hupinda, na hapo ndipo huanza lile tatizo la gea kurukaruka ambalo watu hulitibu kwa kubadilisha mnyororo, kisha waya, kisha gea zenyewe, bila kupona. Fundi alikuwa na gurudumu la zamani ambalo nyuzi za ekseli yake zinaingia kwenye tundu la sikio. Akalirudisha gurudumu la nyuma kwa muda, akalisokota lile la zamani kwenye sikio, magurudumu mawili yakasimama sambamba, akalinganisha umbali kati ya ringi na ringi, juu, chini, mbele na nyuma. Chini palikuwa pamebana. Akalivuta lile gurudumu kama mkono wa wenzo, kidogo, akapima, akavuta tena, akapima. Alipoacha, nafasi zilikuwa sawa pande zote.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ni ya gurudumu la nyuma. Habu ilikuwa nzuri lakini ringi ilikuwa imelika na breki, kwa hiyo alijenga gurudumu upya: ringi mpya ya inchi 26, spoki 32. Alizisuka ili kila moja ipishane na nyingine tatu kabla ya kufika kwenye ringi, ya tatu ikipitiwa kwa upande wa pili ili zishikane. Alizifunga zote kwa vidole hadi kina kimoja, ndipo akachukua ufunguo wa spoki.

Watu wengi hudhani uzito wa mpanda baiskeli umesimama juu ya spoki za chini. Spoki ni uzi wa chuma wenye unene wa milimita mbili. Ukiibonyeza kutoka mwisho hadi mwisho inapinda papo hapo. Nguvu yake yote ni ya kuvuta. Gurudumu zuri lina spoki zote zilizokazwa sana tangu mwanzo, na uzito unapolikalia, zile zilizo karibu na ardhi hupungukiwa na mkazo kidogo, kisha hurudishiwa gurudumu linapozunguka. Zikiwa zimekazwa vya kutosha, hazifiki kulegea. Zikiwa zimekazwa nusunusu, kila mzunguko huzilegeza na kuzivuta tena, hadi siku moja spoki inakatika kwenye kiwiko chake pale habuni. Mhandisi Jobst Brandt aliyaeleza haya kwa vipimo katika kitabu chake cha mwaka 1981, The Bicycle Wheel. Fundi wetu ameyajua kwa masikio.

Alilizungusha gurudumu kwenye stendi, akaanza kuzigonga spoki kwa ukucha, moja baada ya nyingine. Upande wa kulia, wenye gea, spoki husimama wima zaidi kwa sababu gea zimechukua nafasi na kuisukuma sahani ya habu kuelekea katikati. Ni lazima zikazwe kuliko za kushoto ili ringi ikae katikati ya fremu. Kwa hiyo upande wa kulia hutoa sauti nyembamba na wa kushoto sauti nzito, na hakuna kosa katika hilo. Kosa ni spoki moja kuimba tofauti na jirani zake wa upande uleule. Akiisikia, anasimama. Anatazama ringi inapopita kati ya pedi mbili za zamani za breki alizozifunga kwenye stendi. Ikiegemea kulia, anakaza za kushoto robo mzunguko na kulegeza za kulia kiasi hichohicho. Na kila anapokaza, anapitiliza kidogo halafu anarudi nyuma, kwa sababu spoki hujisokota pamoja na nati yake. Asipoirudisha, itajisokotoa yenyewe barabarani na ringi itapinda ndani ya siku chache.

Alipofika mahali ambapo mimi ningesema limekwisha, alilitoa gurudumu, akazishika spoki mbilimbili kwa viganja na kuzibana kwa nguvu, akizunguka gurudumu lote. Zikalia tik, tik. Zilikuwa zinajikalisha kwenye matundu ya habu na kujisokotoa hapohapo mezani, badala ya kungoja mawe ya njia ya Meru. Akalirudisha kwenye stendi. Ringi ilikuwa imehama kidogo, kama alivyotegemea, naye akaanza tena kugonga na kusikiliza. Alirudia hivyo hadi kuzibana kukawa hakubadilishi kitu. Hapo ringi ilipita kati ya zile pedi na nafasi ya kulia na kushoto ikabaki ileile mzunguko mzima.

Ufundi wa namna hii hauonekani kwenye picha ya tangazo. Gurudumu lililonyooshwa kwa haraka nalo huzunguka vizuri siku ya kununua. Tofauti huja baada ya mwezi, ukiwa mbali na nyumbani, na ndiyo maana nasema mnunuzi ananunua kitu asichoweza kukiona na hana budi kumwamini mtu.

Mengine yalikwenda kwa mwendo huohuo. Ndani ya habu ya nyuma aliweka gololi mpya tisa kila upande, kwenye grisi safi, akakaza koni hadi ekseli ikabaki na mchezo mdogo mno. Habu ile hufungwa kwa wenzo wa haraka, na wenzo ukibanwa huiminya ekseli kidogo. Asiyejua hukaza hadi mchezo uishe kabisa, halafu akibana wenzo gololi zinasagika. Anayejua huacha kile kidogo, na wenzo ukibanwa kinatoweka. Pedi za breki alizipanga ili ncha ya mbele iguse ringi kabla ya ile ya nyuma kwa unene wa karatasi, zisipige kelele. Kwenye gea alianza na skrubu mbili za mipaka, ili mnyororo usiweze kutumbukia kwenye spoki wala kukwama karibu na fremu, ndipo akagusa waya. Pedeli ya kushoto aliifunga kwa kuzungusha kinyume, maana nyuzi zake hukatwa upande wa pili ili mwendo wa mguu usiilegeze, na aliipaka grisi ili siku ya kuifungua isilete ugomvi.

Baiskeli mpya zenye breki za mafuta zina adabu zake pia. Shimano hutumia mafuta ya madini, na breki nyingi za SRAM zinataka mafuta aina ya DOT. Ukiyachanganya, mpira wa ndani huvimba na breki inakufa. Kwa hiyo fundi ana chupa mbili zilizotengwa, kila moja na bomba lake la sindano, na haziwekwi rafu moja. Diski haigusi kwa vidole vitupu, kwa kuwa mafuta ya ngozi yanatosha kuharibu pedi.

Kitu cha mwisho kilikuwa miiba. Anayeendesha baiskeli nje ya lami katika nchi yetu hushindana na mgunga, ambao mwiba wake hupenya tairi zuri bila shida. Baiskeli nyingi za milimani za siku hizi huendeshwa bila tyubu, na ndani ya tairi humiminwa maji yenye utomvu wa mpira unaoziba tundu wenyewe gurudumu likizunguka. Baiskeli ya mwalimu ilikuwa ya tyubu. Fundi akakata ukanda kutoka kwenye tyubu kuukuu, akaulaza kati ya tairi na tyubu mpya mzunguko mzima, akauchonga ncha zake ziwe nyembamba ili mwendeshaji asisikie mahali zinapokutana. Nilimuuliza alifundishwa wapi. "Njiani," akajibu, "kwa kuziba pancha za watu."

Jibu hilo linaeleza kwa nini ufundi huu umeota mizizi Afrika Mashariki na ya Kati, mahali ambapo baiskeli zimebeba ndizi, maziwa, mkaa na abiria. Kule Goma watu huchonga chukudu kwa mbao na kushusha nayo mizigo mizito. Tom Ritchey, yuleyule ambaye fremu zake zilikuwapo mwanzoni California, alifika Rwanda mwaka 2005 na baadaye akasaidia kuwapatia wakulima wa kahawa baiskeli za kubebea mavuno. Mwaka 2012 Adrien Niyonshuti aliibeba bendera ya Rwanda kwenye Olimpiki ya London na akashindana katika mbio za baiskeli za milimani. Septemba 2025 Kigali ikawa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Nyuma ya kila mwendeshaji wa namna hiyo wapo mafundi, na wengi wao walianza chini ya mti na pampu moja.

Mwalimu alipokuja siku ya tatu, fundi alimpandisha kwenye kiti, akamwambia aweke kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa. Mguu uliponyooka, akakaza kiti hapo. Akajaza upepo kwenye shokapu ya mbele kulingana na uzito wa mwalimu, pamoja na begi lake. Kisha akampa maagizo: aendeshe wiki tatu, halafu arudi, kwa sababu nyaya mpya hujikalisha na spoki huhitaji kusikilizwa tena. Marejeo hayo yalikuwa ndani ya bei.

Bei yenyewe aliiandika kwenye karatasi, kipuri kwa kipuri, na chini akaandika kazi. Mwalimu aliupokea mstari wa kazi bila kubisha. Ningetamani sote tufanye hivyo. Tuna desturi ya kulipia vipuri kama vilivyo, kwa kuwa vina jina na pakiti, halafu tukaupigania ufundi kana kwamba fundi anatuomba. Ringi ile ile, spoki zile zile na habu ile ile, mikononi mwa mtu mwenye haraka, zingetoa gurudumu la kudumu wiki mbili. Kilichoongezwa hapo katikati ni saa za fundi na masikio yake, na hicho ndicho kipuri cha thamani kuliko vyote kwenye karatasi ile.

Kwa hiyo ukienda kununua baiskeli ya milimani, tafuta duka ambalo aliyekaza nati ya mwisho anaishi mji mmoja na wewe na anategemea kukuona tena. Kabla ya kuuliza bei, omba gurudumu la nyuma liinuliwe na kuzungushwa, uliza nani amelijenga, na umwombe akueleze alivyofanya. Fundi wa kweli atalifurahia swali hilo. Akishamaliza kueleza, omba upunguziwe bei ya kengele ukipenda, lakini kazi yake ilipe yote.